Kipupwe Kinapoingia Tandale

Wasomaji wetu walio mashamba hawahitaji kuambiwa kwamba majira yamegeuka. Mwenye jembe mkononi huyajua majira kabla ya mwenye kalenda ukutani. Lakini sisi tukaao Tandale, katika Wilaya ya Kinondoni, hapa Dar es Salaam, yatupasa kuyatafuta majira kwa dalili ndogo ndogo, maana nyumba zetu zimesongamana, na katika vichochoro vingine mtu akinyosha mikono yake miwili hugusa kuta za majirani wawili kwa mara moja. Hatuna shamba la kutuonyesha wakati. Hata hivyo wakati hutufikia. Masika yakiisha, asubuhi moja katika mwezi wa Juni twatoka nje alfajiri, upepo wa kusi watupiga usoni, nao una ubaridi. Mama auzaye uji penye kona hujitanda kanga ya pili mabegani. Watoto huanza kuyaogopa maji ya kuoga. Njia iliyokuwa tope juma lililopita huanza kutoa vumbi. Ndipo twaambiana, "Kipupwe kimeingia."

Ndugu zetu wa Njombe na wa Lushoto watacheka wakisikia twaiita hiyo baridi, maana usiku wa Julai hapa pwani hushuka hata kufikia nyuzi 18 au 19 tu, na wao wamezoea makubwa kuliko hayo. Na wacheke. Hatukukusudia leo kusifu baridi yetu. Twataka kusimulia jambo ambalo majira haya yalitufundisha sisi tuliodhani kwamba kazi yetu ni kufundisha wengine. Ni jambo la mtoto mmoja wa darasa la tano, na mti mmoja ulio katika uwanja wa shule, na neno moja la Kiingereza.

Neno lenyewe ni "autumn". Kila mwalimu afundishaye Kiingereza amekutana nalo, kwa kuwa limo katika vitabu vingi. Katika nchi za kaskazini, kama Uingereza, mwaka hugawanywa katika majira manne, na hilo ni jina la majira yajayo baada ya joto na kabla ya baridi kali. Huanza tarehe 22 au 23 Septemba. Wakati huo mavuno yamekwisha kuingizwa ghalani, mchana unafupika, na majani ya miti mingi hugeuka kuwa ya manjano na mekundu, kisha hupukutika hata miti ikabaki mitupu.

Sababu ya mambo hayo ni kwamba dunia huzunguka jua hali imeinama, kiasi cha nyuzi 23 na nusu. Kwa hiyo nchi zilizo mbali na Ikweta hupata mchana mrefu sana kwa miezi fulani, na mchana mfupi sana kwa miezi mingine. Mjini London mchana ulio mrefu kuliko yote hupita saa 16, na ulio mfupi kuliko yote haufiki saa 8. Sisi wa Dar es Salaam tuko karibu na nyuzi 7 tu kusini mwa Ikweta, na tofauti ya mchana wetu mrefu na mchana wetu mfupi haifiki hata saa 1. Basi kwetu si urefu wa mchana ugeuzao majira, bali ni pepo na mvua. Kaskazi huvuma na joto lake, masika hunyesha tangu Machi hata Mei, kusi huleta kipupwe, na mwisho wa mwaka huja vuli. Wazee wetu wa pwani walizijua sana hesabu hizi. Walihesabu siku za mwaka wa jua kumi kumi, na kila kumi waliiita mwongo, wakianzia siku ya Nairuzi. Kwa hesabu hiyo walijua wakati wa kupanda na wakati wa kusafiri baharini. Hata leo huko Makunduchi, Unguja, watu husherehekea Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai, nayo ni sikukuu ya mwaka huo.

Kwa ajili hiyo wafasiri wamehangaika sana na neno lile la Kiingereza. Wapo waliolifasiri kwa neno vuli. Lakini vuli kwetu ni mvua za Oktoba hata Desemba, nazo huotesha majani, haziyaangushi. Wapo waliolifasiri kwa neno demani, na demani kwetu ni wakati wa upepo mwanana, kusi inapokaribia kwisha. Tena tukihesabu kwa jua peke yake, sisi tulio kusini mwa Ikweta majira hayo yangetuangukia mwezi wa Machi, wakati ambapo masika yanaanza na kila kitu kinachipua. Basi kila mlango tukiufungua, neno haliingii. Lakini wakati ule tulipokuwa bado wachanga katika kazi hatukuyafikiri hayo yote. Neno limo kitabuni, na kitabu kimechapwa, na sisi tulikuwa wepesi kuamini kitu kilichochapwa.

Sasa na tuwaeleze kidogo mahali penyewe, kwa ajili ya wale wasiopata kufika. Tandale ni mahali pa watu wengi, wala si matajiri. Nyumba nyingi zilijengwa kabla ya viwanja kupimwa, kila mtu akijenga pale alipopata nafasi. Pana soko mashuhuri la nafaka. Mahindi, mchele na maharagwe huja hapa kwa malori kutoka mikoa ya mbali. Na unapita Mto Ng'ombe, ambao mwisho wake ni kumwaga maji yake katika Mto Msimbazi. Wakati wa kiangazi mtoto huuvuka mto huu bila kulowa magoti. Wakati wa mvua kubwa huwa kitu kingine kabisa. Wakazi hawajasahau mafuriko ya Desemba 2011, yaliyoua watu zaidi ya 40 katika mji huu, na ambayo baada yake familia nyingi zilizokaa mabondeni zilihamishiwa Mabwepande. Katika miaka ya karibuni kazi kubwa imefanywa ya kuujengea mto kingo, nasi twashukuru. Lakini habari yetu ni ya mwaka 2018.

Mwezi wa Machi mwaka huo tuliwapa watoto wa darasa la tano jaribio la Kiingereza. Maswali mengine tuliyanakili kutoka kitabu cha kale. Moja lilikuwa la kujaza nafasi iliyo wazi, nalo lilisema kwamba majani huanguka kutoka mitini wakati wa nini. Jibu tulilolitaka ni lile neno lililokuwa kitabuni. Watoto wengi walilikariri, wakaliandika, na tukawapa alama zao. Binti mmoja aliandika "Julai".

Tulitia mkasi kwa wino mwekundu. Kama tungeishia hapo, lingekuwa kosa dogo. Lakini siku ya kurudisha karatasi tulitaka kulichangamsha darasa, maana jua lilikuwa kali na watoto walikuwa wakisinzia. Tukasoma jibu lile kwa sauti. Tukauliza, "Je, majani nayo yana kalenda?" Darasa zima likacheka. Binti akasimama, kama walivyofundishwa kusimama wanapotaka kusema, akasema kwa sauti ndogo, "Mwalimu, ni mkungu. Tukifungua shule mwezi wa Julai ndipo tunapofagia majani mengi."

Yafaa tueleze kwamba katika uwanja wetu wa shule umesimama mkungu mkubwa, mti ule wenye matawi yaliyotandaa kama sakafu juu ya sakafu, ambao tunda lake ni kungu, na watoto hutafuna nyama yake kisha wakapasua kokwa kwa jiwe. Zamu ya kufagia chini ya mti huo ilikuwa ya darasa lake. Basi mtoto alikuwa akituambia jambo aliloliona kwa macho yake na kulishika kwa ufagio wake. Nasi tulimjibu nini? Tulimwambia, "Andika kama kitabu kilivyosema. Keti."

Methali yetu yasema kuuliza si ujinga. Lakini siku ile tuliufundisha umati wa watoto kwamba kuona ni ujinga, na kwamba aonaye zaidi ya kitabu atachekwa.

Tangu siku ile wenzake walimwita "Julai". Tulisikia, wala hatukukataza, kwa sababu tulidhani ni mchezo wa watoto. Na siku moja sisi wenyewe, tukiwa na haraka, jina lake lilitupotea kinywani, tukasema, "Julai, futa ubao." Darasa likaangua kicheko. Binti akaenda akafuta ubao. Uso wake hatukuuona, kwa maana alikuwa ametupa mgongo. Na hata kama tungeuona, huenda tusingejua kuusoma.

Katikati ya Aprili mvua zilikuja kwa nguvu. Zilinyesha siku kadhaa mfululizo, mabonde ya Dar es Salaam yakajaa maji, na watu wengine walipoteza maisha. Hapa Tandale maji ya mto yaliingia katika nyumba zilizo karibu nao. Watu walipanga vitanda juu ya matofali, na maji yalipopita matofali walihama na watoto mgongoni. Maji yalipopungua, watoto wetu walirejea mmoja mmoja, wengine bila viatu, wengine na madaftari yaliyovimba kwa unyevu. Binti yule hakurejea.

Kila asubuhi tuliita majina. Tulipofika penye jina lake, mtu mmoja alisema, "Nyumba yao iliingia maji." Tukaandika katika daftari la mahudhurio kwamba hayupo kwa ajili ya mafuriko. Kesho yake tukaandika vile vile. Tuliandika hivyo hata shule ikafungwa kwa likizo ya Juni. Katika majuma yote hayo hatukupiga hata hatua moja kwenda kumtafuta. Neno mafuriko lilitutosha. Lilikuwa neno la kweli, na kila mtu alilikubali, wala hakuna aliyetuuliza zaidi.

Mwezi wa Julai tulifungua shule. Kipupwe kilikuwa kimeshika, na anga lilikuwa safi kama sahani iliyooshwa. Tulipoingia langoni tuliona uwanja mzima chini ya mkungu umefunikwa na majani. Yalikuwa mekundu, mengine rangi ya machungwa mabivu, mapana kama viganja vya mtu mzima, na kusi ilipovuma yalikuja mengine kutoka juu. Tulisimama. Miaka yote tuliyofundisha katika shule ile tulikuwa tumepita juu ya majani hayo kila Julai, wala hatujapata kuyatazama. Watoto wa darasa la tano walikuwa wakiyafagia. Na yule aliyetuambia habari zake hakuwapo kati yao.

Siku ile, kwa mara ya kwanza, tulienda kwao. Mwaka 2011 wanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi walishirikiana na wakazi kuchora ramani ya Tandale, njia kwa njia, nayo ni kazi njema. Lakini ramani haimwonyeshi mtu aliyehama. Tuliongozwa na mtoto mmoja hata nyumba iliyo karibu na mto. Mlango ulikuwa umefungwa kwa kamba. Ukutani ulikuwapo mstari wa tope, umenyooka kama uliopigwa kwa rula, juu kuliko kiuno chetu. Jirani alisema mtoto alikuwa akikaa na bibi yake, nao wamekwisha kuondoka, ila bibi huja sokoni mara kwa mara kununua maharagwe ya kwenda kuuza. Basi kwa majuma mawili tukawa twapita sokoni kila jioni.

Soko la Tandale wakati wa kipupwe ni mahali pa furaha. Mahindi mapya yameanza kufika kutoka nyanda za juu za kusini, machungwa ya Tanga yamejaa, na wapagazi wakipita na magunia hupaza sauti ili watu wapishe. Huo, tukiufikiri vema, ndio wakati wetu unaofanana na ule wa watu wa kaskazini, kwa maana ni wakati wa kuona kilichovunwa na kilichopotea. Jioni moja tulimwona bibi huyo ameinama juu ya gunia.

Tukasema, "Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, Mwalimu," akaitika, wala hakuacha kuchambua maharagwe yake.

Tulimpa pole ya mafuriko. Tukamwambia twasikitika kwamba maji yamemkatisha mtoto masomo. Hapo akaacha maharagwe, akatutazama.

"Mwalimu, maji yalichukua godoro langu na sufuria zangu mbili," akasema. "Mjukuu wangu hakuchukuliwa na maji. Tulikaa kwa mdogo wangu Manzese mpaka mwezi wa sita. Kutoka pale mpaka shuleni kwenu ni mwendo wa miguu."

Tukamwuliza, "Basi kwa nini hakuja?"

"Alisema sare imeharibika. Nikamtafutia nyingine. Alisema daftari limelowa. Nikamnunulia jingine. Nilipovimaliza visingizio vyake vyote, ndipo akaniambia, Bibi, mimi kule sina jina."

Wasomaji wapenzi, hatukuwa na la kujibu. Ada haikuwa sababu, maana serikali ilikuwa imekwisha kuiondoa. Umbali haukuwa sababu. Mto haukuwa sababu. Tulisimama sokoni kati ya magunia kama mtu aliyeitwa mbele ya baraza.

Wakati huo walikuwa wamehamia Mbagala, upande wa Temeke. Jumamosi iliyofuata tulikwenda, tukabadili gari mara mbili. Tulimkuta binti akiosha vyombo nje ya mlango wa chumba walichopanga. Akasimama, akafuta mikono, akasema, "Shikamoo, Mwalimu." Tukaitika, kisha tukamwita kwa jina lake. Jina hilo hatutalichapa hapa, maana ni lake. Lakini siku ile tulilitaja lote, la kwake na la baba yake, mbele ya bibi yake na mbele ya jirani waliokuwapo. Tukamwambia kwamba jibu lake lilikuwa la kweli, na kwamba tuliyaona majani kwa macho yetu, na kwamba kosa lilikuwa letu, si lake.

Haikuwa rahisi. Sisi walimu tumezoea kuwataka watoto watuombe radhi, na njia ya kwenda upande wa pili imeota majani marefu. Binti alinyamaza kwa muda mrefu, akitazama beseni. Tulidhani hatasema neno. Kisha akauliza, "Sasa anafagia nani?"

Tungependa kuwaambia kwamba alirudi kwetu siku ya pili, lakini haikuwa hivyo. Mbagala ni mbali, na bibi hakuwa na nauli ya kila siku. Tuliloweza kufanya ni kumwomba mwalimu mkuu barua ya uhamisho, kwa kuwa bila barua hiyo mtoto angepata shida kupokewa kwingine, na bibi hakujua mahali pa kuipata. Mwezi wa Agosti aliingia shule iliyo karibu nao. Alikuwa amepoteza miezi minne, na mwaka uliofuata ilimlazimu kurudia darasa la tano. Mwaka mmoja wa mtoto si kitu kidogo. Hatuna uwezo wa kuurudisha.

Baada ya mambo hayo tulitafuta kujua jinsi jani linavyoanguka, na tuliloliona katika vitabu vya elimu ya mimea lilitushangaza. Sisi tulidhani upepo ndio uangushao majani. Sivyo. Mti unapoona ukavu au baridi inakuja, huanza kwanza kuvuta vitu vyenye manufaa kutoka katika jani na kuvirudisha shinani. Rangi ya kijani huisha, na rangi nyingine huonekana. Kisha, pale kikonyo cha jani kinaposhikana na tawi, mti hutengeneza utando mwembamba, na utando huo hulitenga jani na tawi polepole. Jani bado liko juu, mpitaji hudhani limeshika, lakini mti umekwisha kuliacha. Upepo ukija, hata mdogo, jani huanguka, na lawama hupewa upepo.

Tuliposoma hayo tulikumbuka daftari letu la mahudhurio. Siku kwa siku tuliandika mafuriko, kana kwamba maji ndiyo yaliyomng'oa mtoto yule. Kumbe sisi tulikuwa tumekwisha kumwachilia tangu mwezi wa Machi, siku tuliyosema "keti", na siku tuliyomwita kwa jina lisilo lake. Mvua za Aprili zilimkuta amekwisha kulegea. Ipo tena tofauti moja kubwa kati yetu na mkungu. Mti huachilia majani ili upate kuishi wakati wa ukavu, na mvua zikirudi huchipua mengine. Shule haiponi kwa kuacha watoto. Haina mtoto mwingine wa kuchipua mahali pa yule aliyeanguka.

Hatuandiki haya ili kusema kwamba umaskini hauna nguvu, au kwamba mafuriko ni kitu chepesi. Tumeona watoto walioacha shule kwa sababu ya njaa, na wengine kwa ugonjwa, na wengine kwa sababu wazazi walihama usiku wakidaiwa kodi ya nyumba. Lakini tumejifunza kutoziamini upesi sababu kubwa. Sababu kubwa huonekana na kila mtu, na ndogo hujificha nyuma yake. Mtoto mwenye njaa aliye na jina shuleni hujitahidi kuja. Mtoto aliyeshiba asiye na jina hutafuta kisingizio.

Tangu mwaka ule tumebadili mambo machache, nasi twawashauri walimu wenzetu wayafikiri. La kwanza, neno lile la Kiingereza tungali twalifundisha, kwa sababu watoto watalikuta vitabuni na katika mitihani. Lakini kabla ya kulifundisha, twawatoa watoto nje, twawauliza ni mti upi hapa kwetu upukutishao majani, na mwezi gani. Mwaka mzima wao huandika katika karatasi iliyobandikwa ukutani siku mkungu ulipoanza kuwa mwekundu, siku kusi ilipoanza, na siku mvua ya kwanza ya vuli iliponyesha. Hivyo tulikuja kujua kwamba mkungu wetu hupukutika mara mbili kwa mwaka, mara moja wakati wa kipupwe na mara nyingine wakati wa joto la kaskazi. Jambo hilo hatukulipata katika kitabu chochote tulichokuwa nacho. Tuliambiwa na wafagiaji.

La pili, jina la utani hatulipitishi, hata liwe tamu namna gani, mpaka mwenyewe ameulizwa faraghani kama analipenda. Na la tatu, mtoto akikosekana siku tatu, hatuandiki sababu tuliyoambiwa na wengine. Twaenda.

Na ninyi wazazi mlio mashamba, msidhani mambo haya ni ya mji tu. Huko kwenu mto si Ng'ombe, na mti pengine si mkungu, lakini kila nyumba ina mtoto ambaye siku moja alisema jambo alilolianza kuliona, akachekwa, akanyamaza. Mkumbukeni. Huenda bado ameshika tawini, na mwadhani yu salama.

Juma hili kusi imevuma kwa nguvu, na shule imefunguliwa. Jana asubuhi majani ya mkungu yalikuwa yametanda hata mlangoni pa ofisi, na watoto waliyakusanya kwa vicheko. Tulipoita majina, majina yalikuwa 84, na waliitika 82. Wenzao walituambia kwamba mmoja anaumwa, na mwingine amekwenda kwa shangazi yake. Huenda ni kweli. Mmoja anakaa Kwa Mtogole, na mwingine nyuma ya soko. Jua bado lipo, na tukiondoka sasa tutafika kote kuwili kabla ya giza.